Alhamisi, Saa Tatu na Nusu, Chumba Namba Nne

Jumatatu, Machi 3

Ijulikane kwa yeyote atakayeliokota daftari hili kwamba kuanzia leo hakuna skrini ya simu itakayofunguka katika mji huu bila kupita mkononi mwangu. Mpwa wangu ameniteua Mshauri Mkuu. Maneno yake hasa yalikuwa, "Mjomba, maadamu upo tu nyumbani, njoo ukae ofisini utusaidie kujaribu vitu," lakini mtu mwenye akili anajua kukisoma cheo hata kikisemwa kwa sauti ndogo.

Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Meza mbili, kompyuta tatu, birika la umeme, na ndoo katikati ya sakafu kwa sababu paa linavuja. Wenye ofisi ni wawili. Mmoja ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Wa pili ni mwenzake wa kazi ambaye nimempa jina la Kimya, maana maneno huyatoa kama dawa za hospitali, mawili asubuhi, mawili jioni.

Wamepata kazi ya kliniki. Inatakiwa programu ya simu ili mgonjwa apange miadi akiwa kwake, asiamke alfajiri kuwahi foleni. Wakiipatia, kliniki itawapa na matawi yake mengine manne. Wakiikosa, Kimya anayo tayari barua ya kuajiriwa kwingine. Ataondoka, na mpwa wangu peke yake hawezi kuiendesha ofisi. Atafunga.

Sasa, kabla ya kujenga programu yenyewe, huchorwa kwanza kitu wanachokiita mifupa: maboksi na mistari ya kuonyesha kitufe kitakaa wapi, maandishi wapi, ukibonyeza hapa unakwenda wapi. Na hiyo mifupa nayo huchorwa kwa programu nyingine. Zipo tatu mezani na hawajakubaliana ipi ya kutumia. Nikawaambia zote nimeshazitumia.

Kimya akaniangalia. "Zote tatu, Mjomba?"

"Ya nne ndiyo sikuipenda," nikamjibu.

Jumanne, Machi 4

Mvua. Programu ya kwanza nimeipa jina Hewani kwa sababu inaishi kwenye intaneti. Faida yake watu wawili huchora ukurasa mmoja kwa pamoja, kila mtu anauona mshale wa mwenzake ukitembea. Ilipofika saa tano radi ikapiga, intaneti ikakatika, na mishale yote ikaganda kama mijusi ukutani.

Jumatano, Machi 5

Mvua. Hakuna intaneti. Ndoo imejaa mara mbili.

Ijumaa, Machi 7

Wamegombana, na mimi ndiye niliyesimama katikati kama ukuta wa benki.

Kimya anaitaka Hewani. Mpwa wangu anaitaka ya tatu, ambayo nimeiita Mkwaruzo. Hiyo haihitaji intaneti, lakini kila unachochora inakitoa kimepindapinda, rangi ya kijivu, kama mtu kachora kwa penseli garini. Nilipoiona niliona haya kwa niaba yao.

"Hiki kitu kimechorwa na mtoto wa chekechea," nikasema.

"Ndivyo inavyotakiwa, Mjomba," mpwa wangu akasema. "Mtu akiiona ajue bado tunajadiliana."

"Mkubwa haendewi na mjadala. Mkubwa anaendewa na kitu kilichonyooka."

Ndipo nikawaonyesha ile ya pili, niliyoipa jina Bwana Harusi. Hiyo imevaa. Rangi zake za kliniki kweli, vitufe vina kivuli, picha ya muuguzi anatabasamu mpaka unataka kumwamkia. Ukibonyeza kitufe, ukurasa unafunguka kama wa kweli, na intaneti ikikatika inaendelea kufanya kazi.

Nikawapa historia. Miaka ile nikiwa mchora mabango, sijapata mpinzani kuanzia hapa mpaka mpakani, hoteli moja iliniomba nichore mlango kwenye ukuta mtupu, kwa urembo tu. Nikauchora na kitasa chake, na tundu la ufunguo, na mwanga mdogo unaopenya chini. Siku ya kwanza wageni watatu waligonga pua. Wa nne alikuwa mpole, alibisha hodi akasubiri kufunguliwa.

Mpwa wangu alicheka. Kimya akasema, "Wa nne alisubiri mpaka lini?" Mtu huyu hajui kusikiliza hadithi.

Jumatatu, Machi 10

Kura imepigwa. Hewani moja, Mkwaruzo moja, Bwana Harusi moja, ya kwangu. Kimya akaona heri Bwana Harusi kuliko mikwaruzo. Mpwa wangu akakubali kwa sharti moja: nijaribu mimi kwanza, kama mtu wa kawaida anayeshika simu.

"Huyo mtu wa kawaida nitamwigiza tu," nikasema, "maana mimi si wa kawaida."

Jumanne, Machi 11

Nimejaribu. Kimya aliweka mchoro kwenye simu akanipa, mpwa wangu akakaa pembeni na kitabu cheusi anachoandikia majaribio, kalamu mkononi. Hawasemi kitu, wanakuangalia tu vidole. Ukiambiwa mtihani wa udereva mgumu, njoo hapa.

Nikabonyeza Macho, maana kliniki ina huduma nyingi na lazima uchague moja. Nikabonyeza Endelea. Nikabonyeza Thibitisha. Ikakubali.

"Umekwama wapi, Mjomba?"

"Kukwama nakusikia kwa watu."

"Hakuna kitu hujakielewa? Hata kidogo? Kukwama kunatusaidia."

"Mpwa wangu, jicho hili linamwona sisimizi akiwa juu ya paa la shule kule, na linajua ana haraka au la."

Akaandika. Nikachungulia: *Mjomba: hakukwama popote.* Maandishi yake makubwa, hayo nayaona.

Alhamisi, Machi 13

Asubuhi nimekwenda kliniki kwa ukaguzi wa siri. Nimekaa benchi mpaka adhuhuri. Mambo ni shwari. Mvua ilinikuta njiani.

Ijumaa, Machi 14

Mpwa wangu ameuliza jana nilikuwa wapi. Nimemwambia kazi za nje.

Jumanne, Machi 18

Leo amekuja Matroni, mkuu wa wauguzi wa kliniki, ndiye mwenye kauli ya mwisho. Mwanamke wa saa mkononi na viatu visivyotoa sauti. Nilimkalisha kwenye kiti kisichovujiwa.

Mpwa wangu akamwonyesha Bwana Harusi. Matroni akabonyeza, akabonyeza, uso ukaanza kulainika.

"Kumbe imekwisha," akasema.

"Hapana Matroni, huu ni mchoro," mpwa wangu akasema. "Hakuna kitu nyuma yake. Tunataka utuambie nini kibadilike."

"Kibadilike nini? Ni nzuri hivi hivi."

"Lakini bado haija..."

Nikaona mpwa wangu anamharibia mgeni furaha. Nikaingilia. "Matroni, ofisi hii haijui kazi nusu. Tangu nimeingia mimi, kitu kikitoka hapa kimetoka."

Mpwa wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nikadhani ni bahati mbaya. Matroni akaomba awekewe kwenye simu yake aitazame vizuri akiwa kwake. Kimya akampelekea. Alipoondoka, mpwa wangu aliuliza, "Hivi ameelewa?"

Alhamisi, Machi 20

Mvua.

Ijumaa, Machi 21

Mvua. Kimya leo maneno matatu, na yote yalikuwa "hapana".

Jumatatu, Machi 24

Kimepita kitu cha ajabu. Muuza magodoro wa chini amepanda ngazi kutushukuru. Anasema mkewe amepanga miadi kwa simu, Alhamisi hii, hakuna tena foleni. Mpwa wangu akamuuliza mkewe amepangaje. Akasema kliniki imebandika tangazo getini na kuwatumia watu programu. Amefurahi sana, akatuahidi mto.

Mpwa wangu akapiga simu kliniki. Inaita, haipokelewi. Kapiga mpaka jioni.

Jumanne, Machi 25

Amekwenda mwenyewe kliniki. Matroni yuko kwenye semina, atarudi Alhamisi. Karani wa mapokezi amemwambia hawezi kubandua tangazo lenye sahihi ya bosi. Mpwa wangu amerudi amelowa, akakaa na viatu vyenye maji, hakuvivua.

Kimya akafungua mchoro, akausoma kama anausoma mara ya kwanza. Kisha akasema sentensi ndefu kuliko zote tangu nimjue: "Nilitia miadi moja tu ya mfano, kwa hiyo kila atakayebonyeza Thibitisha, atapewa hiyo hiyo."

"Ipi?" mpwa wangu akauliza, ingawa anaijua.

"Alhamisi. Saa tatu na nusu. Chumba namba nne."

Mimi nilikwenda kumwaga ndoo, ingawa haikuwa imejaa.

Alhamisi, Machi 27

Naandika mkono unauma, na nitasema kwa nini.

Saa mbili na nusu tulikuwa kliniki sote watatu. Mvua ilikuwa inashuka kwa hasira. Baraza lote limejaa, ukumbi umejaa, watu mpaka kwenye ngazi, na kila mmoja ameshika simu juu kama tiketi. Wenye mimba, wenye watoto migongoni, wazee wa presha. Wote wanauliza kitu kimoja: chumba namba nne kiko wapi.

Chumba namba nne cha kliniki ile ni stoo. Kimya aliitoa namba kichwani mwake tu. Ndani kuna fagio, ndoo, mashuka ya kufua. Watu walikuwa wamejipanga mbele ya mlango wa stoo, na wa kwanza kabisa, bibi mmoja wa kisukari aliyekuja kwa magari mawili, alikuwa anawakatalia wengine wasimpite kwa sababu yeye ameandikiwa saa tatu na nusu kamili.

"Na mimi saa tatu na nusu," wa nyuma akasema.

"Wewe umeipata wapi saa yangu?"

"Nimeipata simuni, mama, kama wewe."

Karani alikuwa amelifunga daftari la foleni tangu Jumatatu kwa amri. Madaktari wamo vyumbani hawajui waanze na nani. Mtoto mmoja alikuwa na homa, amelegea begani kwa baba yake, na yule baba hakuwa anapiga kelele kama wengine, alikuwa anainua tu simu yake kila mtu mwenye koti jeupe akipita.

Matroni akatokea. Hakupaza sauti. Alimwendea mpwa wangu karibu sana.

"Mlinionyesha kitu kimekwisha."

"Nilikuambia ni mchoro, Matroni."

"Uliniambia kwa mdomo. Macho yangu yaliniambia mengine. Na huyu," akaninyooshea kidole, "akaniambia kikitoka kimetoka."

Nikahamia nyuma ya Kimya.

Mpwa wangu akamwomba karatasi kubwa na kalamu nene. Hakungoja jibu, akavua koti, akaanza kuuliza watu mmoja mmoja umekuja kwa nini, akichora maboksi kwenye karatasi ubaoni: homa hapa, mimba hapa, dawa za kila mwezi hapa. Maboksi yamepinda, mistari ya kijivu. Sawasawa na Mkwaruzo. Kimya akachukua majina ya boksi moja moja na kuyapeleka kwa madaktari. Akanigeukia. "Mjomba. Mabango."

Hiyo kazi naijua, hata wenye wivu watasema. Nikachora mishale, namba, herufi za kuonekana toka mbali. Nilichora mabango ishirini na tano (sitii chumvi, yako ukutani, nenda kahesabu). Yule baba wa mtoto wa homa alikuwa wa kwanza kuingia. Bibi wa kisukari alisimama mbele ya mshale wangu, akaugusa kwa kidole, akaniuliza, "Na huu nao ni mchoro, au ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Fuata."

Akanitazama usoni kwanza, ndipo akafuata.

Wa mwisho alihudumiwa saa tisa. Matroni akatuambia turudi Alhamisi ijayo na mchoro mmoja, na maelezo. "Yakiniridhisha tutaendelea. Yasiponiridhisha, msije tena."

Ijumaa, Machi 28

Kimya leo amechonga mdomo. Anasema kosa ni la Matroni. "Mtu mzima gani anapanga miadi kwenye picha? Chini kabisa imeandikwa *mfano*."

"Kwa herufi za kiroboto," mpwa wangu akasema.

Mimi nilicheka kuliko wote. Nikasema kuna watu ukiwachorea ugali watanawa mikono.

Mpwa wangu anataka Alhamisi twende na Mkwaruzo, kila kitu kichorwe upya kwa mikwaruzo, ili mtu yeyote akikiona ajue hakijakwisha. Kimya anasema kumrudishia mteja kitu kibaya kuliko cha kwanza ni kukiri kwamba hatujui kazi. Bwana Harusi abaki, Matroni aelimishwe. Kisha akachukua kitabu cheusi, akakifungua, akaweka kidole.

"Tulijaribu kwa mtu wa kawaida. Soma. Hakukwama popote. Kwa hiyo tatizo si mchoro, ni mtu mmoja."

Mpwa wangu akasoma. Akaniangalia. "Mjomba, siku ile hukuona lolote?"

"Niliona yote," nikasema.

Akafunga kitabu taratibu.

Jumatatu, Machi 31

Mvua. Kila mtu anachora yake. Hawasemezani.

"Mjomba, mwambie mwenzangu chaja ni yangu."

"Mjomba, mwambie aichukue."

Chaja ilikuwa karibu nao kuliko mimi.

Jumanne, Aprili 1

Mvua. Barua ya kazi ya Kimya iko juu ya meza yake, imefunguliwa. Amesema anasaini Alhamisi, baada ya kliniki, wakienda na mikwaruzo. Akiwa na kile kitabu mkononi hakuna wa kumbishia.

Jumatano, Aprili 2

Asubuhi dada yangu, mama wa mpwa wangu, alikuja kunipitia. Nilikuwa napiga pasi shati. Nikamweleza ushauri mwingi niliowapa wale watoto na wasivyoshika.

Akaniacha nimalize. "Kaka," akasema, "unajua kwa nini mwanangu alikuita pale?"

"Kwa uzoefu."

"Alikuita kwa sababu hujui. Alisema, Mama, nataka mtu asiyejua, akae mbele ya simu, aniambie hajui. Umepata kazi ya kwanza duniani inayokufaa, na hiyo nayo umekwenda kujifanya unajua?"

Akanywa chai yake akaondoka. Shati liliungua kola.

Mpwa wangu siku zote nilimwona mtoto aliyebahatika kunipata. Leo njiani nilimkumbuka alivyokaa pembeni ile Jumanne, kalamu mkononi. *Hata kidogo? Kukwama kunatusaidia.* Alikuwa ananiomba.

Nilifika ofisini nikasimama kando ya ndoo, kila mmoja kainamia kompyuta yake.

"Nilikwama," nikasema.

Kimya akavua spika za masikioni. "Ulikwama wapi?"

"Pale mwisho. Iliponiambia Alhamisi. Niliamini."

"Hukuona neno *mfano*?"

"Sioni herufi ndogo. Mwaka wa tatu sasa."

Kimya akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi. "Uliamini kidogo, au sana?"

"Kidogo," nikasema.

Akachukua kitabu cheusi mwenyewe, akakata mstari ule, akaandika mwingine chini yake. Kisha akavuta kiti chake mpaka meza ya mpwa wangu. "Nionyeshe huo Mkwaruzo wako," akasema. "Ukurasa wa kwanza umepinda sana, lakini nionyeshe."

"Umepindishwa makusudi."

"Najua. Umezidi."

Barua ameirudisha kwenye bahasha. Hajaichana.

Alhamisi, Aprili 3

Matroni aliutazama Mkwaruzo akakunja uso. "Hii mbona haijakwisha?"

"Haijakwisha," mpwa wangu akasema, na akanyamaza.

Matroni akatazama tena. Akaomba kalamu. Akachora juu yake, maana tulikuwa tumeuchapa kwenye karatasi, akatia duara: "Hapa mmesahau wanaokuja bila simu." Akatia lingine. "Na huyu daktari Jumatano hayupo." Alikaa saa moja na nusu. Karatasi zote zilichafuka. Siku ile ya Bwana Harusi hakubadilisha hata nukta.

Wakati wa kuondoka akasema, "Leteni ya pili wiki ijayo. Na iwe mbaya hivi hivi."

Kwenye ngazi za kliniki Kimya alitoa ile bahasha akaichana mara nne. Mpwa wangu akamwambia asitupe taka kwenye kliniki ya mteja, akaziokota mwenyewe, anacheka na kufuta macho kwa kiwiko.

Ijumaa, Aprili 4

Leo jua. Ndoo kavu. Muuza magodoro ameleta mto, bila maelezo.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika. Haikuwa kidogo.

Ile Alhamisi ya Machi 13 sikwenda ukaguzi wowote. Nilikwenda kutibiwa macho. Nilioga alfajiri, nikavaa shati la harusi na viatu vya kubana, nikafika mapema, saa tatu na robo, nisije nikapitwa. Nilikaa benchi mbele ya chumba namba nne mpaka adhuhuri. Mfagiaji alikuja mara mbili akaniomba ninyanyue miguu, na mara ya pili akaniuliza namsubiri nani. Nikamwambia daktari ananijua.

Na kabla ya kuondoka, mlango wa ile stoo, nilibisha hodi.